Siku tatu kwenye mito ya trauti ya Nyandarua: uchambuzi wa mpango mmoja wa kambi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Thika alinijia na mpango ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari. Watu walikuwa wanne: yeye, mwanawe aliye kidato cha tatu, shemeji yake, na rafiki wa shemeji. Walitaka kulala usiku mbili ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, katika milima ya Nyandarua nchini Kenya, waingie mtoni kwa miguu na kuvua samaki aina ya trauti. Tarehe waliyochagua ilikuwa wikendi moja ya likizo ya Aprili.

Mpango ulikuwa hivi. Ijumaa shemeji atoke kazini saa tisa, waondoke Thika saa kumi jioni, wapande hadi kambini na kupiga hema usiku huohuo. Jumamosi asubuhi wapumzike na kupika, kisha kuanzia saa nane mchana waingie mtoni mpaka giza, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba samaki hula jioni. Jumapili wavue kidogo na kurudi. Chini yake palikuwa na orodha ndefu ya vyakula, na mahali pa "vifaa vya mto" palikuwa na maneno matatu: fimbo, ndoano, gambuti.

Ninauchambua mpango huu kwa ruhusa yake kwa sababu karibu kila anayekwenda huko mara ya kwanza huandika unaofanana nao. Haukuwa kazi ya mtu mzembe. Hema zilitosha, chakula kilitosha, na Mwalimu alikuwa amefikiria hata viberiti vya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Ila kila saa ilikuwa imegawiwa watu, gari na sufuria, na mto ukaachiwa saa zilizobaki. Kwenye safari fupi ya namna hii ni lazima iwe kinyume chake. Mto ndio unaotangulia kuchagua saa, na mambo mengine yote yanafuata.

Nianze na mwezi. Milima ya Aberdare, ambayo sisi tuliokulia chini yake tunaiita Nyandarua, hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Aprili mito yake hujaa na kubadilika rangi. Trauti huwinda kwa macho, kwa hiyo maji ya kahawia humnyima yeye chakula na humnyima mvuvi samaki. Hilo lenyewe lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba mtu anayetembea ndani ya mto asipoona chini hajui mguu wake unakanyaga nini, jiwe au shimo. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na katika mto wa mlimani methali hiyo ina maana ileile iliyotamkwa.

Kisha barabara. Njia za juu ndani ya hifadhi zina udongo unaogeuka tope zito mvua ikinyesha, na gari lao lilikuwa dogo la kawaida, la tumbo chini.

"Mwalimu," nilimwambia, "Aprili ule mto si wa mvuvi."

"Lakini Mzee, kijana anarudi shule mapema Mei. Nikimkosa sasa nimemkosa."

Hapo ndipo ugumu halisi wa kisa hiki ulipokuwa. Miezi mizuri kupita yote ni Januari na Februari, maji yakiwa machache na mangavu kama kioo, lakini mtoto wa sekondari yuko darasani. Tulibaki na Agosti. Agosti huko juu ni mwezi wa baridi na ukungu, na manyunyu hayakosekani, ila mvua kubwa huwa zimepita na mito imeshuka. Si mwezi bora. Ni mwezi unaokubalika, na nilipendelea aende na mwanawe kwenye mwezi unaokubalika kuliko aende peke yake kwenye mwezi bora. Aprili yenyewe sikuikubali hata aliponisihi.

Kuhusu mahali sikuwa na mengi ya kubishana naye. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti, na samaki wakapandwa katika mto Gura. Miaka michache baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ndicho kilichokuwa kikizalisha vifaranga vya kupandwa mitoni kwa miongo mingi. Samaki hawa walishika kwa sababu moja tu: baridi. Trauti anataka maji yenye oksijeni nyingi, na maji baridi ndiyo yanayoibeba. Yakizidi nyuzi joto 20 kwa muda anaanza kutaabika. Ndiyo maana nchi iliyo kwenye ikweta ina samaki wa Ulaya, mradi mtu apande juu vya kutosha.

Juu kwenye uwanda wa nyasi, karibu mita 3,000, kuna mito ya Chania, Magura, Gura na Karuru. Tulichagua kuingilia lango la Kiandongoro, linalofikika kutoka Nyeri. Upande huo KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori na hifadhi, ina nyumba za wageni zinazoitwa Fishing Lodge, yaani nyumba za wavuvi, na jina hilo linakuambia watu walikuwa wakienda kufanya nini. Niliweka sharti moja: wasikaribie sehemu za mto zilizo juu ya maporomoko. Karuru huanguka mita 273 kwa hatua tatu, na Gura huanguka ng'ambo ya bonde hilohilo. Juu kidogo ya maporomoko maji huweza kuonekana matulivu kabisa, mtu akayaamini.

Sasa saa, kwa sababu hapa ndipo mpango wa kwanza ulipokosea zaidi. Malango ya hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kutoka Thika hadi Nyeri peke yake ni zaidi ya kilomita mia moja, kisha kuna mlima wa kupanda. Anayeondoka saa kumi atafika gizani na kukuta lango limefungwa. Hata kama lingekuwa wazi, kupiga hema gizani mahali penye nyati na tembo ni jambo nisilolishauri kwa mtu mwenye mtoto.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuuweka uvuvi alasiri. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi trauti hula vizuri jioni. Lakini Nyandarua ina desturi yake. Asubuhi anga huwa wazi, jua linapasha bonde, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajenga kuanzia adhuhuri, na mara nyingi mvua inashuka saa nane au saa tisa. Huenda isikunyeshee wewe. Inaweza kunyesha kilomita kadhaa juu, kwenye kilele usichokiona, wakati wewe umesimama mtoni juani. Kisha maji yake yanakufikia.

Kwa hiyo niliigeuza siku yote. Kuingia mtoni saa mbili asubuhi, jua likishagusa maji. Kabla ya hapo nyasi huwa na sakitu, vidole havifungi fundo, na samaki wenyewe huwa wamelala chini. Kutoka kabisa saa saba mchana, hata kama samaki wanaruka. Na saa saba kila mtu awe kwenye ukingo uliopo upande wa kambi. Sharti hili la ukingo nilimrudishia Mwalimu mara nyingi, kwa sababu mtu huvuka asubuhi maji yakiwa chini ya goti bila kufikiri, halafu mchana anakuta kivuko chake hakipo tena. Nilimwambia pia kila anapoingia mtoni achomeke kijiti ukingoni maji yanapoishia, na akitazame kila anapobadilisha chambo. Kijiti kikianza kuingia majini, au maji yakipoteza ung'avu, au majani na vijiti vikavu vikaanza kuelea kwa wingi, hakuna mjadala. Wanatoka. Radi ikisikika wanatoka na fimbo zinalazwa chini, maana fimbo za kaboni hupitisha umeme.

Kwa saa saba hadi jioni niliwapa kazi nyingine: kupika, kulala, kufunga vifundo, kutembea na askari wa KWS kuangalia maporomoko kutoka mahali pa kutazamia. Hapo ndipo mapumziko yao ya Jumamosi asubuhi yalipohamia.

Kuhusu kutembea ndani ya maji, Mwalimu alidhani ni suala la nguvu za miguu. Kwa kiasi kikubwa ni hesabu. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yanayokusukuma nayo huongezeka mara nne. Ndiyo maana mkondo wa kasi unaofika katikati ya paja unaweza kumwangusha mwanamume mzima, wakati bwawa tulivu la kiunoni halimfanyi kitu. Kwa kundi lile niliweka mpaka kwenye goti katika maji yoyote yanayokwenda kasi. Mvuvi mzoefu angeuona mpaka huo ni wa woga, lakini mito ile ya juu ni myembamba, na samaki wengi wanafikika bila kupita goti. Hakuna sababu ya kuupita.

Hatua ni moja moja. Mtu anaukabili mkondo kwa ubavu, si kwa kifua wala mgongo, ili maji yapate sehemu ndogo ya kusukuma. Mguu wa mbele unapapasa mpaka upate mahali, ndipo wa nyuma unasogea, bila kupishanisha miguu. Mkongojo wa mti imara unachomekwa upande maji yanakotoka, na haung'olewi mpaka miguu yote miwili iwe imesimama. Mawe ya Nyandarua ni ya volkano, na yana utando wa kijani unaoteleza vibaya sana. Jiwe la rangi hafifu au changarawe ni salama kuliko jiwe jeusi linalong'aa. Akianguka, alale chali, miguu ikielekea maji yanakokwenda, aachie fimbo, aogelee kwa mikono hadi ukingoni. Asijaribu kusimama kwenye mkondo wa kasi, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi.

Gambuti niliziondoa kwenye orodha. Zikijaa maji huwa mzigo kwenye kila mguu. Wasio na suruali ndefu za mpira zenye mkanda wa kufunga kiunoni niliwaambia wavae viatu vya zamani vya michezo vyenye meno, soksi nene za sufu, na suruali nyepesi inayokauka haraka. Pamba hapana: pamba ikilowa hukaa na baridi mwilini. Na wasikae majini zaidi ya nusu saa bila kutoka kupasha miguu. Baridi ya maji yale haiumi sana mwanzoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayeanza kutetemeka, kuongea polepole au kuangusha vitu lazima abadilishiwe nguo kavu na apewe chai yenye sukari, hata akisema yuko sawa. Kijana mwembamba hupoteza joto kabla ya baba yake, na kwa kawaida ndiye asiyetaka kutoka.

Upande wa kuvua nitapita haraka. Mito ya trauti nchini huvuliwa kwa fimbo na nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu, si kwa minyoo wala nyavu, na kibali cha kuvua ni kitu tofauti na tiketi ya kuingia hifadhini. Mwalimu hakujua hilo. Malipo ya KWS hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa noti mkononi, kwa hiyo ni busara kumaliza yote ukiwa bado Nyeri, kabla simu haijapoteza mtandao. Fimbo ya futi nane na mshipi wa uzito wa namba nne au tano inatosha. Nzi anayeitwa Kenya Bug, mweusi na mdogo, anayezamishwa, bado ninamwamini kuliko wengi wa kuagizwa. Kile kincha kidogo cha ndoano kinachoelekea nyuma kibanwe ili samaki mdogo arudishwe bila kuraruliwa. Na mvuvi apande mto, asishuke nao: trauti hutazama maji yanakotoka, akisubiri chakula, hivyo anayemjia kwa nyuma haonekani, na tope analolitimua linabaki mgongoni kwake.

Kambi ilihitaji mabadiliko mawili makubwa. La kwanza ni chakula. Mwalimu alipanga kupika githeri kutoka mwanzo. Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 90, na maharagwe makavu yangekula gesi yote na bado yangekuwa magumu. Githeri ilipikwa Thika, ikagandishwa, ikapashwa tu kule. La pili ni wanyama. Chakula chote, pamoja na samaki na hata dawa ya meno, kinalala ndani ya gari lililofungwa, kamwe si hemani. Samaki husafishwa mbali na hema. Hakuna anayetoka hemani peke yake usiku, na hakuna anayekwenda mtoni bila askari mwenye bunduki aliyepangwa langoni. Rafiki wa shemeji aliona gharama ya askari ni ya kupunguzwa. Niliwaambia wapunguze nyama. Vichaka vya kando ya mto huficha nyati, na mvuvi ni mtu aliyeinamisha kichwa, akisikia maji tu.

Gari walikodisha la 4x4. Mfuko wa kulalia wa kila mtu ulikuwa wa kustahimili baridi ya kuganda, na chini yake godoro la povu, kwa kuwa baridi ya ardhi ndiyo inayoamsha watu saa nane usiku.

Walikwenda Agosti. Shemeji aliomba ruhusa ya siku moja kazini, wakatoka Thika alfajiri ya Ijumaa na kufika langoni kabla ya adhuhuri. Anga ilikuwa safi, na askari akawaonyesha sehemu isiyofika goti. Wakafanya mazoezi ya kutembea mtoni bila fimbo kwa muda mfupi, kisha wakatoka. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba zoezi lile lilimfundisha kuliko maneno yangu yote, kwa sababu alipotegemea mkongojo kwa mara ya kwanza alihisi mkondo ukiutetemesha.

Jumamosi waliingia mtoni kama ilivyopangwa. Samaki wa mito ile ya juu si wakubwa, wengi hawazidi urefu wa kiganja na vidole, na baba alitumia saa ya kwanza akitupa nzi kwenye matawi. Kijana ndiye aliyempata wa kwanza, trauti wa kahawia mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe, nyuma ya jiwe ambalo watu wazima wawili walikuwa wamelipita. Alimrudisha. Wawili wa upinde wa mvua, wakubwa kidogo, waliliwa na ugali, ndani ya idadi iliyoruhusiwa na kibali chao.

Mawingu yalikuja saa sita. Saa saba walikuwa kambini. Saa nane na nusu ilinyesha kidogo tu hapo walipokuwa, manyunyu ya kawaida, na shemeji akaanza kusema wangeweza kurudi mtoni. Mwalimu akamchukua yeye na askari mpaka ukingoni waangalie kijiti. Hakikuonekana. Kivuko walichokitumia asubuhi, kilichokuwa chini ya goti, kilikuwa na mkondo wa kahawia uliofunika mawe yote waliyokanyaga. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeokolewa. Walisimama wakautazama mto, wakarudi kunywa chai.

Jumapili maji yalibaki na rangi mpaka karibu saa nne. Wangeweza kuingia kwa kuwa ilikuwa siku yao ya mwisho, na nadhani hapo ndipo wengi huteleza. Walivua wakiwa ukingoni, pembeni mwa mabwawa, hawakupata kitu, na saa sita wakafunga hema.

Kuna jambo moja ambalo mpango wangu haukulitosheleza. Rafiki wa shemeji aliumwa kichwa usiku wa kwanza na hakula, na Jumamosi alibaki kambini. Kutoka Thika, karibu mita 1,500, hadi mita 3,000 kwa siku moja ni kupanda kwingi kwa baadhi ya watu. Kundi lingine lenye siku ya ziada ningelilaza Nyeri kwanza. Wao hawakuwa na siku hiyo, na kati ya kumnyima mmoja wao asubuhi moja na kuwanyima wote nusu ya saa zao za mto, ningeamua vilevile tena.

Mwalimu anataka sasa kwenda upande wa Mlima Kenya, mto Thego, na ameniletea karatasi nyingine. Safari hii ameanza na mvua za mwezi anaoutaka, kisha saa za kuingia na kutoka mtoni, na chakula kiko mwisho wa ukurasa. Nimembadilishia kitu kimoja tu: amepanga kwenda wawili, yeye na kijana, na ninataka wawe watatu, ili mmoja akiumia mwingine abaki naye wakati wa tatu anakwenda kuita watu.